Koma kabla ya "and" ya mwisho: wahariri wawili wanavutana na ripoti inaenda kuchapwa. Nimfuate nani?

Ripoti_Kilimani (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa watu wanaohariri Kiingereza kila siku. Ripoti ya mradi, kurasa 84, imeandikwa hapa Nairobi. Ofisi kuu iko London, mfadhili yuko Washington. Mhariri wa London anaondoa koma kabla ya "and" mwishoni mwa kila orodha, yule wa Washington anairudisha. Sentensi hii moja imekwenda na kurudi mara tatu:

"The allowance was paid to two assistant chiefs, Mwende and Achieng."

London wanaiacha hivyo. Washington wanataka "two assistant chiefs, Mwende, and Achieng". Naomba kujua nani yuko sahihi, nisafisheje faili lote, na ni wapi koma hii inaleta madhara ya kweli badala ya kuwa suala la ladha tu. Kazi inapelekwa kuchapwa Ijumaa.

Mhariri_Ngara

Dada, weka koma kando kwanza. Waliolipwa posho walikuwa wangapi?

Bila koma, majina yale yanasomeka kama majina ya manaibu chifu wenyewe, yaani watu 2. Ukiweka koma, Mwende anasimama peke yake, Achieng peke yake, na manaibu chifu wawili wanabaki bila majina: watu 4. Kama kila mmoja alipewa shilingi 3,000, London wameandika 6,000 na Washington wameandika 12,000. Hakuna mwongozo wa uandishi utakaokwambia ipi ni kweli. Fungua fomu ya malipo uhesabu sahihi zilizotiwa humo.

Ukishajua, andika sentensi isiyotegemea koma hiyo hata kidogo. Walikuwa wawili: "Two assistant chiefs, Mwende and Achieng, were paid the allowance." Walikuwa wanne: "The allowance was paid to Mwende, Achieng and two assistant chiefs." Hii ya pili, uweke koma usiweke, maana ni ileile. Kundi lisilo na majina likitangulia majina, utata unazaliwa. Majina yakitangulia, unakwisha.

Tena usidhani koma hiyo ni dawa ya kila ugonjwa. Tazama: "The meeting was opened by Mwende, the area chief, and the pastor." Koma ipo, na bado hujui kama ni watu 2 au 3, kwa sababu "the area chief" inaweza kuwa maelezo ya Mwende. Hapa koma ndiyo imeleta shida. Kama ni wawili, andika "by Chief Mwende and the pastor". Kama ni watatu, "by the area chief, the pastor and Mwende".

Kuhusu nani yuko sahihi: wote, kila mmoja kwa mwongozo wake. Koma hii inaitwa koma ya Oxford kwa sababu kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford kiliishikilia. Msimamizi wake, Horace Hart, alitoa kijitabu cha kanuni kwa mafundi wake mwaka 1893, na mwaka 1904 kikaanza kuuzwa kwa umma. Mwongozo wa uandishi wa Chicago, uliotoka mara ya kwanza 1906, unaitaka pia, sawa na miongozo ya uandishi wa kitaaluma ya APA na MLA. Magazeti mengi ya Uingereza hayaiweki. Lakini msiseme ni Mwingereza dhidi ya Mmarekani, maana Oxford iko Uingereza, na vyumba vya habari vya Marekani vinavyofuata mwongozo wa shirika la habari la Associated Press kwa kawaida huiacha.

Wakili_Milimani

Naongeza upande wa sheria, kwa kuwa ndiko koma hii inakogharimu pesa.

Kwanza nyumbani. Katiba yetu ya 2010, maandishi ya Kiingereza, haitumii koma hiyo. Kifungu cha 10(2)(a) kinasema: "patriotism, national unity, sharing and devolution of power, the rule of law, democracy and participation of the people". Ona "sharing and devolution of power": ni kitu kimoja chenye "and" ndani yake, na bado msomaji hapotei kwa sababu hakikuwekwa mwishoni. Kifungu cha 27(4) nacho kinafunga na "dress, language or birth", bila koma kabla ya "or". Kwa hiyo anayesema kuiacha ni makosa ya Kiingereza, hapa Kenya ana mlima wa kupanda.

Sasa upande wa pili. Jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo wafanyakazi wa kazi fulani, na orodha yake iliishia hivi: "marketing, storing, packing for shipment or distribution of", kisha ikataja mazao, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika. Hapakuwa na koma baada ya "shipment". Kampuni ilisema "distribution" ni kazi inayojitegemea, na madereva ndiyo kazi yao, hivyo hawadai kitu. Madereva wakasema hapana, ni "packing" peke yake, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na wao hawafungi mizigo. Wakaonyesha jambo jingine zuri sana: kazi zote katika orodha zina mwisho wa "-ing", ila "shipment" na "distribution" hazina. Maneno mawili ya umbo moja ni pacha, yote mawili yako chini ya "packing".

Kampuni nayo haikuwa bila hoja. Kama "packing" ndiyo ya mwisho, mbona hakuna "or" kabla yake? Na mwongozo wa uandishi wa sheria wa Maine wenyewe ulikuwa ukiwaambia waandishi wasiweke koma hiyo. Mahakama ya rufaa, Machi 2017, ikaona maneno yana utata, na utata katika sheria ya aina hiyo ukasomwa kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa maelewano ya dola milioni 5. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuandika orodha upya, likatenganisha kila kazi kwa nukta-mkato na kubadili "distribution" kuwa "distributing". Yaani lilirekebisha alama na umbo la neno kwa pamoja. Hilo la pili watu wengi hulisahau.

Katika mikataba, orodha ikizidi vitu vitatu au kitu kimoja kikiwa na "and" au "or" ndani, ivunje iwe mistari ya (a), (b), (c). Weka nukta-mkato mwisho wa kila mstari, na "and" au "or" mara moja tu, kwenye mstari wa pili kutoka mwisho. Usiandike "and/or". Kisha soma kila mstari ukiuunganisha na maneno ya utangulizi peke yake. Usipoungana kisarufi, umbo lake si sawa na wenzake.

Ulimi_wa_Kwetu

Samahani, mimi naona tunajitesa. Kiswahili tunaandika "mchele, maharagwe na sukari" na hakuna anayepotea. Kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa Kiingereza tukamaliza?

Mwalimu_Umoja

Ndugu, kwa orodha ya mchele na sukari ni sawa kabisa, na ndivyo wengi wetu tunavyoandika Kiingereza bila kujua tumeitoa wapi tabia hiyo. Shida huja vitu vikiwa vya jozi. Chukua menyu ya kibanda: "tea, rice and beans and chapati". Je, maharagwe ni ya wali au ya chapati? Weka koma: "tea, rice and beans, and chapati". Hapo hata Associated Press, wasioitaka koma hiyo, wanaiweka. Kwa hiyo ukifuata mtindo wa kuiacha, bado lazima uwe na ruhusa ya kuiweka jozi inapotokea. Kanuni ya "never" haipo kwa yeyote anayehariri kwa makini.

Nikiwa hapo hapo, makosa ninayoyaona zaidi kwenye ripoti za Nairobi si koma ya Oxford. Ni haya.

Koma baada ya "include" au "such as": "The items include, maize, beans and tents." Hiyo koma ya kwanza haina kazi, iondoe. Wala usiweke koloni hapo.

Koma katika vitu viwili tu: "tents, and blankets". Orodha ya vitu viwili haina koma. Ila msichanganye na sentensi mbili kamili zilizounganishwa, "The rains came, and the road closed". Hiyo ni kanuni nyingine kabisa, na mhariri anayefuta kila ", and" atakuwa ameiharibu.

Na "as well as". Watu huandika "maize, beans as well as millet" wakidhani ni sawa na "and". Si kiunganishi cha kufunga orodha. Funga kwanza, kisha uongeze: "maize and beans, as well as millet".

Chapa_RiverRoad

Ripoti_Kilimani, nakujibu kuhusu kusafisha faili, kisha jambo la uchapaji ambalo hakuna aliyeligusa.

Kabla ya yote, kubali au kataa mabadiliko yote yenye alama nyekundu, kisha uhifadhi nakala. Ukitafuta wakati maandishi yaliyofutwa bado yanaonekana, Word itayaokota nayo.

Kuondoa ni rahisi: tafuta koma, nafasi, "and", nafasi. Pitia moja moja. Kuongeza ndiko kugumu, maana unatafuta kitu ambacho hakipo. Bonyeza Ctrl+H, fungua More, tia alama kwenye "Use wildcards", kisha sehemu ya kutafuta andika:

(, [A-Za-z]@) and

Acha nafasi moja baada ya "and". Sehemu ya kubadilisha:

\1, and

na nafasi moja mwishoni pia. Hii inakamata koma, neno moja, kisha "and". Kwa vitu vya maneno mawili rudia kwa (, [A-Za-z]@ [A-Za-z]@) and. Kisha rudia zote kwa "or".

Tafadhali usibonyeze Replace All. Mtego huu unakamata pia "In 2022, parents and teachers met", ambayo si orodha ya vitu vitatu. Ukiruhusu, utapata "In 2022, parents, and teachers met", na hakuna mhariri wa bara lolote atakayekubali hiyo. Tumia Find Next.

Sasa chapa. Kurasa 84 zinagawanyika kwa 4 bila baki, karatasi 21 zilizokunjwa. Kijitabu cha kushonwa katikati kwa pini lazima kiwe hivyo. Koma moja inaweza kusukuma neno hadi mstari wa chini, aya ikaongeza mstari, kichwa cha habari kikahamia ukurasa mwingine. Ukifika kurasa 85, unalipia 88, tatu zikiwa tupu, na nambari katika yaliyomo zimekwisha kuwa za uongo. Malizeni suala la koma kabla faili halijapangwa kurasa. Likishapangwa, gusa tu zile zinazobadilisha maana.

Ripoti_Kilimani

Asanteni sana, nimeelewa. Fomu ya malipo ina sahihi mbili, kwa hiyo ni manaibu chifu wawili. Mkataba wa ufadhili una kiambatisho cha machapisho kinachotaja mwongozo wa Chicago. Je, niongeze koma hata ndani ya dondoo za Katiba na majina ya wizara? Na marejeleo tumeyaandika kwa APA, hapo je?

Mhariri_Ngara

Hapo umeshapata mwenye neno la mwisho, dada. Watumie London ukurasa huo wa kiambatisho, na uandike karatasi moja ya mtindo: tahajia ya nchi gani, koma ipi, nani anaamua, tarehe. Nyote mfanye kazi na karatasi hiyo.

Dondoo haziguswi. Katiba imeandika "democracy and participation", nawe unaandika hivyo hivyo. Majina rasmi pia hayaguswi. "Ministry of Environment, Climate Change and Forestry" hubaki lilivyo hata kama orodha inayolizunguka ina koma ya Oxford. Jina kama hilo liweke mwisho: "the National Treasury, the county governments, and the Ministry of Environment, Climate Change and Forestry". Ukiliweka katikati, msomaji atadhani "Climate Change" ni mdau mwingine. Yakiwa majina mawili ya namna hiyo, tumia nukta-mkato, kama unavyofanya kwa miji na kaunti: "Voi, Taita Taveta; Maralal, Samburu; and Lodwar, Turkana".

Mwalimu_Umoja

Kwa marejeleo ya APA, toleo la 7, koma huwekwa kabla ya "&" hata waandishi wakiwa wawili tu: "Kamau, J., & Otieno, P." Sababu ni kwamba herufi ya jina imekuja nyuma ya ukoo, na koma ndiyo inayofunga kila mtu. Ndani ya maandishi, waandishi hao hao wawili hawapati koma: "Kamau & Otieno" kwenye mabano, "Kamau and Otieno" ndani ya sentensi. Wakiwa watatu au zaidi, ni ukoo wa kwanza na "et al." tangu mara ya kwanza unapowataja, kwa hiyo koma ya Oxford haipati nafasi hapo. Wildcards za Chapa_RiverRoad zisipite kwenye orodha ya marejeleo. Chagua maandishi hadi mwisho wa sura ya mwisho, kisha utafute ndani ya hayo uliyochagua peke yake.