Je, mwamuzi wa softiboli anaruhusiwa kumwelekeza mchezaji wakati wa mechi?

MwamuziChipukizi

Salamu kwenu, waamuzi na walimu wa michezo. Ninachezesha softiboli ya wasichana katika mashindano ya shule, na hivi karibuni limetokea jambo lililotugawa sisi waamuzi wenyewe. Mkimbiaji aliyekuwa besi ya tatu aliondoka kabla mpira uliopigwa juu haujadakwa, akafika besi ya nyumbani na timu yake ikaandikiwa pointi. Timu iliyokuwa ikilinda haikudai chochote, lakini mwenzangu aliyesimama karibu na besi hiyo alimnong'oneza mlinzi: "Gusa besi ukiwa na mpira." Mlinzi akagusa, pointi ikafutwa, na kocha wa upande wa pili akalalamika vikali. Mwenzangu anasema kwamba watoto bado wanajifunza, hivyo mwamuzi ni mwalimu pia. Mimi naona kwamba aliingia kuicheza mechi aliyopewa kuichezesha. Je, mpaka uko wapi?

Mwalimu wa Sheria

Ndugu, nakuunga mkono, na sababu imo ndani ya sheria zenyewe. Softiboli ina makosa ya aina mbili. Yapo ambayo mwamuzi huyaadhibu mwenyewe mara tu anapoyaona: mkimbiaji akiondoka kwenye besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, katika mchezo wa mirusho ya kasi, mwamuzi hutamka papo hapo kwamba "ametoka", yaani ameondolewa uwanjani kwa zamu hiyo, bila kusubiri mtu alalamike. Yapo pia ambayo sheria imeyaacha mikononi mwa timu pinzani, nayo ni kuruka besi bila kuigusa, kuondoka mapema mpira unapodakwa hewani, na kupiga nje ya zamu. Haya mwamuzi huyaona, akanyamaza, mpaka timu inayolinda ikate rufaa kabla ya mrusho unaofuata.

Ukimya huo ni sehemu ya mchezo. Chukua suala la zamu ya kupiga: mpigaji asiyestahili akimaliza zamu yake na wapinzani wakagundua kabla ya mrusho unaofuata, aliyestahili kupiga ndiye anayehesabiwa kuwa ametoka, wakichelewa hadi mrusho mwingine ukatupwa, yote yaliyotokea yanakuwa halali. Kuwa macho kunalipwa hapo, na timu iliyoandika orodha yake kwa makini inavuna ilichopanda. Mwamuzi akinong'ona, amempokonya mmoja haki hiyo na kumzawadia mwingine, hata kama nia yake ilikuwa njema kabisa.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba mwamuzi awe bubu. Wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zikiwa na watu, na hawajatoka wawili, mpira rahisi unaopaa juu ya walinzi wa ndani humlazimu mwamuzi atangaze kwa sauti kwamba mpigaji ametoka, ili wakimbiaji wasinaswe kwa hila ya mlinzi kuuangusha mpira makusudi. Tangazo hilo husikiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mnong'ono haulifanyi.

Kocha Mama Rehema

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu rufaa, lakini msiwafunge waamuzi midomo kupita kiasi. Nafundisha wasichana ambao wengine wameshika kirungu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mpigaji akisogea kwenye eneo la kupigia bila kofia ngumu, mwamuzi hana budi kusimamisha mchezo. Kwa wanawake watu wazima mrushaji husimama mita 13.11 tu kutoka besi ya nyumbani, na kwa watoto huwa karibu zaidi. Usalama haungoji rufaa.

Lipo pia suala la mrushaji anayeruka mbele kisha kujisukuma upya kutoka mahali pengine badala ya kwenye kibao anachopaswa kukanyaga anaporusha. Huo ni mrusho haramu. Nikiwa kocha, ningependa mwamuzi aliyeona dalili hizo wakati wa mirusho ya mazoezi aniite pembeni kabla kipindi hakijaanza, aniambie mimi, wala si mtoto, kisha onyo hilohilo alipeleke kwa kocha mwenzangu. Mirusho halisi ikianza, na aadhibu bila huruma. Kumrekebishia mtoto mguu katikati ya mchezo ni kazi yangu.

MwamuziChipukizi

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe Mama. Nimebakiwa na jambo moja: mlinzi akinigeukia na kuniuliza, "Mwamuzi, yule aliondoka mapema?", nimjibu nini?

Mwalimu wa Sheria

Usimjibu ndiyo wala hapana, kwa sababu jibu lolote litamwambia kama inafaa kukata rufaa. Akisema waziwazi kwamba mkimbiaji wa besi ya tatu aliondoka kabla mpira haujadakwa, na mpira umeshasimamishwa, hiyo ni rufaa kamili ya maneno, nawe utoe uamuzi. Akiuliza idadi ya waliotoka au hesabu ya mirusho aliyokwisha kupata mpigaji, mwambie kwa sauti inayofika kwenye mabenchi yote mawili.

Kuhusu mwenzako, zungumzeni faraghani kabla ya mechi ijayo, mkubaliane ni nani atakayeongea na makocha na wakati gani.