Udzungwa, Rungwe au Amani: wapi tukapige picha za wanyama adimu?

Lenzi Chakavu
Wakuu habari za jioni. Tuko washkaji wanne na Rav4 ya zamani, watatu tuna kamera na mmoja anapiga kwa simu tu ila ndo anaongea kuliko wote. Simba na tembo tunao kwenye memori kadi mpaka wanachosha, sasa tunataka mnyama ambaye nje ya Tanzania humpati, na iwe milimani maana joto la Dar limetushinda. Tumebaki na sehemu tatu: Udzungwa kwa mangabei wa Sanje na mbega wekundu (wote kima), Mlima Rungwe kwa kipunji, naye kima, au Amani kule Usambara Mashariki kwa vinyonga na ndege. Tunaondoka mwezi wa nane na siku zetu hazifiki wiki. Mimi moyo uko kwa kipunji, wenzangu wananiona chizi. Nawasilisha.

Mtoto wa Tukuyu
Mkuu asante kwa kukumbuka kwetu ila ngoja nikwambie kindugu. Kipunji hata sisi tuliokulia chini ya Rungwe wengi hatujamtia machoni. Wawindaji wa zamani ndo walikuwa wanamsimulia, wanasayansi wamemfikia 2003 tu, wakamtangaza 2005, mwaka uliofuata ikaonekana hata jenasi yake (ukoo wa spishi) ni mpya kabisa. Sensa iliyotoka 2008 ilihesabu 1,117 dunia nzima, wengi wao huku Rungwe na hifadhi jirani ya Kitulo, wachache sana Ndundulu upande wa Udzungwa. Sasa hao wanakaa juu kabisa ya miti, msitu una ukungu, mteremko mkali, na wakisikia mnakuja wanabweka halafu wanahama. Kumuona unaweza kumuona. Picha ya kutundika ukutani sikuahidi, utarudi na picha ya mkia.

Lenzi Chakavu
Daah @Mtoto wa Tukuyu umenikata stimu. Mkia wenyewe mzuri lakini?

Mtoto wa Tukuyu
Mzuri sana, mrefu na kwenye ncha unaelekea weupe 😂

Mama Wawili Kilombero
Njooni Udzungwa msihangaike. Nakaa huku na nasema kwa ninachokiona. Mbega wekundu wanafika mpaka pembezoni mwa msitu pale Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, asubuhi unakunywa chai wako juu yako wanakula majani. Mangabei wa Sanje ndo usiseme, kuna kundi limezoeshwa na watafiti kwa miaka mingi, wanatembea chini wanafukua majani makavu wanatafuta mbegu na wadudu, kwa hiyo unampiga picha mko usawa mmoja, sio unamvizia kutoka chini upate tumbo na matako. Hifadhi haina barabara ya gari ndani, ni mguu tu, na lazima uwe na mwongozaji wa hifadhi. Maporomoko ya Sanje nayo yana mita kama 170, mtu wa simu atafurahi huko.

Barua ndogo kwa vijana: kwa hao mangabei msisogee karibu sana, msile mbele yao, na mwenye mafua abaki chini. Magonjwa yetu yanawaingia kirahisi.

Fundi Shata
Naunga mkono hoja ya mama hapo juu ila kwa sababu nyingine, mwanga. Watu wakifikiria safari ya picha wanafikiria lenzi ndefu, wanakodi ile ya 150-600 wanafika msituni wanaanza kulia. Ndani ya msitu wa mvua saa nne asubuhi ni giza la chini ya kitanda, lenzi inayoishia f/6.3 haifunguki vya kutosha kuingiza mwanga, itakupeleka ISO 12800 (kamera inalazimishwa kunasa mwanga mpaka picha inajaa chembe) na bado nyani kachezacheza. Bebeni 70-200 ya f/2.8, wekeni ISO 3200 mpaka 6400, shata, yaani kasi ya kupiga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na picha ipigwe RAW (faili ghafi) mje mrekebishe nyumbani. Hapo ndo Rungwe inapowaangusha, kwa sababu kipunji yuko mbali NA yuko gizani, vyote viwili kwa mpigo, wakati mangabei ni giza tu, umbali haukusumbui. Flashi kwa nyani acheni kabisa. Droni acheni nyumbani, bila kibali ni kesi.

Binti Muheza
Mbona Amani mnaipita kama kituo cha daladala jamani. Mnyama adimu lazima awe na manyoya? Usambara Mashariki kuna kinyonga dume mwenye pembe tatu puani, kuna yule ndege fundi-cherehani wa mdomo mrefu ambaye watu wanatoka Ulaya kuja kumsikiliza tu, kuna sange, yule mwenye pua kama mkonga. Kinyonga usiku analala kwenye majani kakaa wazi, unatembea na tochi na mwongozaji, kila mtu anapata picha, hata wa simu. Hakimbii popote! Na hapo hata mvua ikinyesha kazi inaendelea, japo ile barabara ya kutoka Muheza kupanda kupitia Sigi ikilowa mtaijua rangi ya Rav4 yenu.

Lenzi Chakavu
@Binti Muheza hoja yako nzito dada, tatizo hatuna lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) hata moja.

Binti Muheza
Tafuteni zile pete za kuunganisha nyuma ya lenzi, bei sio mbaya na kazi inafanyika. Msikatae kwa sababu ya kifaa.

Kamau wa Nyeri
Niaje wasee wa TZ. Mkitaka adimu kweli vukeni boda mje milima ya Aberdare mtafute bongo wa mlimani, yule swala mkubwa wa msituni mwenye mistari. Porini hawafiki mia, na wote wako Kenya. Sisemi mtampata, wengi huku tunamjua kwa picha za kamera za kutega. Mkikwama kabisa kuna wale wanaozalishwa Nanyuki, lakini ni ndani ya fensi.

Mzee wa Kitonga
Kamau umewapa safari ya makaratasi ya gari, watamaliza likizo mpakani. Mimi naongelea barabara. Dar mpaka Mang'ula ni siku moja bila presha, mnafika Mikumi mjini mnakata kushoto kuelekea Kidatu, basi. Tukuyu ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya kwanza halafu mrudi kusini tena kutoka Uyole, na katikati kuna mlima Kitonga, mnaupanda nyuma ya malori. Kwa siku zenu hizo mbili zinaishia kwenye usukani kwenda tu. Na mkipita ndani ya Mikumi punguzeni mwendo, ukigonga mnyama pale unalipa faini, kila mnyama ana bei yake. Rungwe iwekeni kipindi cha maua ya Kitulo, Desemba mpaka Aprili hivi, ndo inalipa umbali wote huo.

Bwashee Kihansi
Na wale vyura adimu wa korongo la Kihansi je? Si wako Udzungwa hukohuko 😅

Mama Wawili Kilombero
Kihansi hamuingii hivihivi mwanangu. Wale porini walitangazwa wametoweka 2009, wakarudishwa kutoka bustani za wanyama Marekani, ulinzi wake mpaka viatu vinasafishwa. Waacheni wapumue.

Lenzi Chakavu
Haya nimezungumza na wenzangu. Udzungwa imepita kura tatu kwa moja, moja ni yangu. Ila nimewabana: kipunji tunamfuata Januari na maua juu. @Fundi Shata 70-200 ya f/2.8 tunakodi wapi Dar bila kuweka rehani figo?

Fundi Shata
Njoo PM. Halafu kiti cha tano kwenye Rav4 kina mtu? Nachangia mafuta na nakuja na lenzi.

Lenzi Chakavu
Kiti kipo, katikati kule nyuma. Utakaa pembeni ya yule wa simu.

Fundi Shata
Ngoja nifikirie.