Ulinganisho: riso, leza au ofseti kwa jarida la sanaa la wanafunzi (A5, kurasa 32, nakala 150)

Mchora_Usiku
Wakuu, habari za saa hizi. Tuko wanafunzi 14, tunatoa jarida letu la kwanza: michoro, picha za kamera, mashairi machache na mahojiano. Kurasa 32 pamoja na jalada, tutabana pini katikati. Kazi zote zimeshakusanywa, sasa tumegawanyika. Kuna wanaoililia riso (mashine ya stensili inayochapa rangi moja moja), kuna wanaotaka printa ya leza maana ni haraka, na mmoja hashikiki, anataka ofseti, ile ya kiwandani inayochapa kwa pleti, "kama majarida ya kweli". Mpangaji wa kurasa ni mimi. Nimeanzia Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, kwa sababu kila mtu anaingia na kuweka kazi yake mwenyewe. Naomba maoni ya watu walioshika karatasi.

fundi_wino
Umeanza kupanga kurasa kabla hujajua mashine? Acha kwanza. Mashine ndiyo itakayokwambia ukurasa uweje.

Ofseti mwondoleeni huyo ndugu kichwani. Kurasa 32 za A5 zinaingia kwenye karatasi mbili za ukubwa wa A2, yaani pande nne. Kwa rangi nne za uchapaji hizo ni pleti 16 (bamba moja kwa kila rangi, kwa kila upande), na zinatengenezwa zote hata ukitaka nakala moja. Hapo hujahesabu karatasi zinazotupwa wakati mwendesha mashine anaweka rangi sawa. Ofseti inaanza kuwa na maana nakala zikifika mamia mengi kwenda maelfu. Kwa 150 mtalipia maandalizi tu.

Leza uzuri wake ni huu: unatoa nakala moja, unaikunja, unaona kosa, unarudi kurekebisha bila hasara. Ubaya ni kwamba wino wake ni unga ulioyeyushwa juu ya karatasi. Jalada likiwa jeusi tupu, ukilikunja tu mgongoni unapasuka mstari mweupe. Waambie wachapaji watie mkunjo kwa mashine kabla ya kukunja, na msijaze rangi nzito pale mgongoni.

Kurasa_za_Zeinabu
Mimi ni wa riso, sifichi. Rangi inatoka imeiva, na buluu ikipita juu ya pinki unapata zambarau ambayo hukuitia wino wake. Lakini ujue unachoingia. Mashine inatoboa stensili (karatasi nyembamba yenye matundu ya kupitisha wino), inaivisha kwenye ngoma yenye wino wa rangi moja, inachapa. Rangi ya pili ni stensili nyingine na karatasi zinapita tena, na hazitapita palepale. Itahama kidogo. Anayetaka mistari ikutane sawasawa atalia.

Toleo letu la pili tuliweka buluu iliyojaa ukurasa wa 14, na ukurasa wa 15 ulikuwa na sura ya bibi iliyochorwa kwa penseli. Wino wa riso haukauki kabisa kama wino mwingine. Baada ya wiki moja yule bibi alikuwa na shavu la buluu kwenye kila nakala. Mchoraji hakunisemesha muhula mzima, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo: karatasi isiyong'aa, rangi nzito isitazamane na kazi nyepesi, na jalada msilifanye riso kwa sababu ndilo linaloshikwa na kila mkono.

fundi_wino
Ongeza hesabu, dada. A5 kurasa mbili kwa upande mmoja wa A4, kurasa 32 ni pande 16. Rangi mbili, stensili 32. Mkipata mashine inayokula A3 zinashuka hadi 16. Zaidi ya hapo ni kulala mashineni.

pambizo
Mashine mmeizungumza. Mimi naona hatari iko kwenye hiyo Canva. Si kwamba ni mbaya. Watu 14 ndani ya faili moja, kila mmoja anasogeza kidogo. Utaamka ukute fonti sita na nambari za kurasa zinacheza.

Scribus ni programu ya kupanga kurasa, ya bure, na inaelewa rangi za uchapaji, ila faili anaifungua mtu mmoja kwa wakati. Wengi wanaona hiyo kasoro. Mimi naiona baraka. InDesign inakwenda mbali zaidi kama mnayo leseni. Yoyote mtakayochagua, mwenye ufunguo awe mmoja, wengine walete kazi kwenye folda.

Na walete kwa kipimo: A5 ni milimita 148 kwa 210, ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande inakuwa 154 kwa 216. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) hiyo ni pikseli 1819 kwa 2551. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa. Itumwe kama dokumenti. Maandishi yawe meusi ya wino mweusi peke yake, maana yakichanganywa rangi nne herufi ndogo zinaota vivuli.

Nukta.Tatu
@pambizo hapo sikubaliani. Mtu mmoja akishika ufunguo, hilo si jarida la pamoja tena, ni jarida lake lenye kazi za wenzake. Sisi kila msanii alipanga ukurasa wake. Lilikuwa na vurugu, ndiyo, lakini ungefungua popote ukamjua mtu.

pambizo
Nukta, msomaji alijua mahali pa kuanzia? Basi tukutane njiani: pambizo, nambari za kurasa na fonti ya majina ni za wote, haziguswi. Ndani ya hapo kila mtu afanye fujo zake.

Nukta.Tatu
Hiyo naipokea. Fujo yenye ukuta.

Kurasa_za_Zeinabu
Mchora, kuna njia ya kati. Jarida la pini ni karatasi za A4 zilizolaliana, kwenu zitakuwa 8. Mbili za ndani kabisa zinabeba ukurasa wa 13 hadi 20. Zichapeni hizo tu kwa riso: pande nne, rangi mbili, stensili nane. Michoro yote iende huko. Picha za kamera na mahojiano vibaki leza.

fundi_wino
Hilo lina akili. Ila karatasi ya riso isirudishwe kwenye printa ya leza hata kwa nambari ya ukurasa, joto litaubandua wino na mtaharibu mashine ya watu. Nambari za 13 hadi 20 ziingie kwenye stensili humohumo.

Na pia: mchoro unaovuka kurasa mbili uende 16 na 17 tu. Hapo ndipo karatasi ni moja. Kwingine kote nusu ya kushoto na nusu ya kulia ziko kwenye karatasi tofauti, hazikutani.

Mchora_Usiku
Nimekunja karatasi nane tupu nikaandika nambari kwa penseli, ndiyo nikaelewa. Ukurasa wa 10 una pacha wake 23! Nilikuwa nimeweka farasi mmoja kuanzia 10 hadi 11, angekatika kiuno.

Tumekubaliana: leza nje, riso katikati, ufunguo ninao mimi kwenye Scribus, ukuta wa Nukta unabaki. Yule wa ofseti amenuna lakini amepewa jalada. Shida iliyobaki ni kwamba wenye michoro inayovuka kurasa mbili ni wawili, na nafasi ya 16 na 17 ni moja.

Kurasa_za_Zeinabu
Mmoja buluu, mwingine pinki, juu ya ukurasa uleule. Waulize kama wanathubutu.

Mchora_Usiku
Nimewauliza. Mwenye farasi anataka kuona jaribio kwanza. Nitaleta picha.