Naomba ushauri: binti anaandika simulizi mtandaoni kwa jina na maisha yasiyo yake

Mama Mlezi, Kirumba
Ndugu zangu, ninaishi hapa Mwanza na binti wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka 16. Anaandika simulizi ndefu katika kundi la WhatsApp, akijitambulisha kama kijana wa kiume wa Dar es Salaam aliyekulia katika nyumba ya kifahari. Alinionyesha mwenyewe, na anaandika vizuri sana. Hata hivyo, siku hizi anazungumza kama mhusika wake hata nyumbani, na mama yake, aliyemlea kwa kuuza dagaa mwaloni, hatajwi popote. Nimwongoze vipi bila kumzimia kipaji?

Mwalimu, Igoma
Dada, amekuamini, na hilo ni jambo kubwa. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika tangu mwaka 1950 kwamba ujana ni kipindi cha kujaribu nafasi mbalimbali kabla mtu hajajua yeye ni nani, kwa hiyo jina la bandia peke yake lisikutishe. Kinachonitia hofu ni kwamba katika kundi la WhatsApp wanakundi wanaweza kuiona namba ya simu ya mwandishi, hata akijiita nani. Muulize kwa upole ni nani wanaomwandikia faraghani na wanataka nini.

Mtunzi wa simulizi, Nyamagana
Naongeza jambo moja kutokana na kazi hii. Kila sehemu ya simulizi inayotumwa hukatwa penye taharuki, wasomaji wanadai iendelee, na taratibu mwandishi huanza kuandika kile wanachokishangilia, hadi mhusika anakuwa mali yao. Mshauri aimalize hadithi daftarini kabla ya kutuma sehemu ya kwanza, ili mwisho auchague mwenyewe.

Mzee wa Magu
Mimi nasema asimuliwe ya kwao pia. Masala Kulangwa wa hadithi zetu za Kisukuma alizaliwa baada ya zimwi Shing'weng'we kuwameza watu wote isipokuwa mama yake, akakua akiuliza wengine wako wapi. Mtoto aliyefiwa ataielewa hadithi hiyo kuliko sisi. Mpeleke pia makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa.

Mwalimu, Igoma
Naafiki, Mzee, ila asilazimishwe kuandika habari za mama yake. Huenda kijana huyo wa Dar es Salaam ndiye anayemwezesha kupumua kwa sasa.

Mama Mlezi, Kirumba
Asanteni sana. Suala la namba nitalizungumza naye leo jioni. Habari za mama yake nitamsimulia mimi, aandike au asiandike. Shikamoo Mzee, je, Bujora hupokea wageni siku ya Jumapili?