Kongo ipige kura 2028 hata kama Goma na Bukavu bado ziko mikononi mwa waasi wa M23?

Mzee wa Katindo
Wandugu, naleta mjadala. Muhula wa Rais Tshisekedi unaisha Januari 2029, kwa hiyo kura inapaswa kupigwa Desemba 2028. Tayari huku na kule watu wanaanza kunong'ona kwamba nchi iko vitani, uchaguzi ungoje. Mimi niko Goma, chini ya M23 tangu Januari 2025. Uwanja wa ndege umefungwa, benki nazo ndiyo hivyo. Na bado nasema kura ipigwe, hata kama itapigwa pale inapowezekana tu. Tukikubali vita iwe sababu ya kuahirisha, kila mkubwa wa Kinshasa ataitunza hiyo vita kama mbuzi wa sikukuu. 2016 tuliambiwa daftari halijakamilika, pesa hakuna. Kabila, rais wa wakati huo, akajipatia miaka miwili ya bure.
Halafu jambo dogo: wale wa ng'ambo waliopiga kura 2023 huko Ulaya wakati wilaya nzima ya Masisi haikuona hata sanduku, safari hii wapunguze makelele.

Matonge 1050
Makelele? Shikamoo mzee, lakini hapo umenikosea. Makelele yetu ndiyo yanayolipa ada ya shule hapo Goma. Tangu benki zifungwe natuma pesa kwa simu, dada yangu anavuka hadi Gisenyi kuzitoa, anakatwa huku, anakatwa kule, na mpakani anaulizwa maswali. Sikusikia mtu akisema tupunguze hilo. Kura yangu ilikuwa halali, CENI, tume yenyewe ya uchaguzi, ilituandikisha.

Binti Kiwanja
Mzee Katindo, "pale inapowezekana" ndiyo nini? 2023 iliwezekana kila mahali isipokuwa Masisi, Rutshuru na Kwamouth. Mimi ni wa Rutshuru. Tume ikatangaza mshindi kapata asilimia 73 na zaidi, watu wakashangilia, nchi ikaendelea. Hakuna aliyesema hesabu haijakamilika. Sasa ongeza Goma, Bukavu, sehemu za Walikale na Kalehe. Mkifanya hivyo mara ya pili mtakuwa mmezoea. Wale wenye bunduki watatuambia: mnaona, Kinshasa inaweza kuchagua rais bila ninyi, ya nini kuililia? Na sitakuwa na jibu la kuwapa.

Kenya_Lushi
Bote munabishana nani atapiga kura. Miye niulize mashini iko wapi. Munasahau 2023 CENI ilifuta bakandidati 82, na kati ya makosa kulikuwa kushika mashini ya kuvota bila haki. Mutu iko na mashini kwake nyumbani, anachagua mwenyewe akiwa na pijama. Masimanimba na Yakoma uchaguzi wa wabunge ulifutwa wote, na kule hakukuwa M23 hata mumoja. Vita njo kisingizio tu.

Mwana Kasulu
Niwashauri kama jirani. Nchi iliyo vitani haipigi kura, duniani kote ndivyo. Waingereza walichagua bunge 1935, hawakurudi kwenye sanduku mpaka 1945. Ukraine nao wana sheria ya hali ya vita, uchaguzi haufanyiki, na wengi duniani hawawaiti madikteta. Kwanza nchi, halafu kura. Na wewe ndugu Mkenya, mambo ya mashine za kura mngemaliza ya kwenu kwanza kabla ya kuwafundisha Wakongo.

Kenya_Lushi
Mkenya nani??? Baba, Kenya njo komini ya Lubumbashi. Tuko na soko, tuko na mavumbi, tuko na watu wa TP Mazembe. Nairobi miye niliiona paka kwenye televizyo.

Mama Sake
😂😂😂 Kasulu leo umepatikana.

Mwana Kasulu
Sawa, jina limenichanganya. Hoja yangu iko palepale.

Kenya_Lushi
Hoja gani? Marekani walipiga kura 1864 wakiuana wenyewe kwa wenyewe, Lincoln akarudi. Na weye Mtanzania usituambie "kwanza nchi". Oktoba 2025 mulikuwa na nchi, hamukuwa na vita, intaneti ikazimwa, Dar watu wakaambiwa jioni wasitoke nyumba. Amani yenu ilisaidia nini?

Mwana Kasulu
Ya Tanzania tuachie Watanzania. Hatujawahi kuja kwenu kuwauliza kwa nini mnahamia kwetu kila miaka kumi.

Nyarugusu 96
Hilo sasa linanihusu. Mimi ndiye huyo "anayehamia". Wazazi wangu waliingia Kigoma 1996 wakitokea Fizi, nami nikakulia hapa kambini, Nyarugusu. Bwana Kasulu, hatukuja kutembea. Lakini leo nina neno na huyu wa Matonge, Brussels. 2023 CENI ilifungua vituo vya nje katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, Marekani, Afrika Kusini. Tanzania haimo. Uganda haimo. Burundi haimo. Yaani Mkongomani aliyefika kwa ndege ana kura, aliyefika kwa mtumbwi hana. Tungepanga foleni kuanzia saa kumi usiku, na hiyo karatasi tusingeikunja vibaya.

Matonge 1050
Sikuipanga hiyo orodha mimi. Na wanaosema tumefika kwa ndege hawajui tulivyofika.

Nyarugusu 96
Ulifikaje?

Matonge 1050
Si swali la hapa.

Mama Sake
Wewe ndiye uliyelileta hapa.

Binti Kiwanja
Samahani, kuna mtu atanijibu?

Sheria za Bunia
Habari za jioni. Naona watu wanazunguka mbuyu. Katiba ina vifungu vitatu vya kusoma kabla ya kupandisha sauti. Cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Cha 219 kinakataza kurekebisha katiba wakati wa vita, hali ya hatari au kuzingirwa, na sisi Ituri pamoja na Kivu Kaskazini tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kwa hiyo wanaotaka katiba mpya wana ukuta mbele yao, ingawa wanasiasa wetu ni mafundi wa ngazi. Lakini mtego wenyewe ni cha 70. Kinasema rais akimaliza muhula anabaki ofisini mpaka mrithi aliyechaguliwa aingie kazini. Mahakama ya Katiba ilikitafsiri hivyohivyo Mei 2016, na Kabila akakaa hadi Januari 2019. Maana yake hakuna haja ya kubadilisha kitu. Uchaguzi usipofanyika, aliyepo anabaki, kwa sheria. Ndugu wa Kasulu, Uingereza walipoahirisha walikuwa na serikali ya vyama vyote ndani. Sisi tukiahirisha nani atakuwa ndani?

Mwana Kasulu
Mwanasheria anazungumza vizuri, lakini sheria haizuii risasi. Karani wa kituo utampeleka Masisi na kifungu cha 70 mfukoni?

Butembo Kahawa
Ninyi wote mnaongea kama jambo hili ni jipya. Desemba 2018 Beni, Butembo na Yumbi tuliambiwa: kwenu kuna Ebola na waasi, Yumbi kuna mapigano ya makabila, mtapiga kura Machi. Machi 2019! Rais alikwisha apishwa tarehe 24 Januari. Tulipewa kura ya wabunge kama makombo. Na siku ileile ya uchaguzi, tarehe 30, vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe, karatasi zao, foleni ndefu, kuonyesha kwamba inawezekana. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, mpira ulichezwa, ila kura peke yake ndiyo iliyokuwa inaambukiza Ebola. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliondolewa, na tofauti waliyotangaza kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa ndogo kuliko sisi tulioachwa. Dada Kiwanja, mimi nakujibu: ndiyo, wamezoea. Walianzia kwetu.

Mama Sake
Na nani alikuwa mkubwa wa CENI mwaka huo? Corneille Nangaa! Leo yuko Goma, kiongozi wa AFC, muungano wenye M23 ndani yake, ndiye mwenye mji. Basi uchaguzi wa 2028 ni rahisi: mzee Katindo apite tu ofisini kwake aombe matokeo. Anayajua kabla hatujapiga.

Mzee wa Katindo
Mama Sake, taratibu. Wewe uko wapi? Mimi niko hapa mjini, sitajibu hilo.

Mama Sake
Niko mbali, mzee. Nisamehe. Sikufikiria.

Kenya_Lushi
Lakini yule mutu alitangaza nini 2018? Maaskofu balikuwa na waangalizi 40,000, balisema matokeo yao hayafanani na ya CENI. Fayulu, yule balimuweka wa pili, paka leo anasema yeye njo alishinda. Alafu Katumbi wetu wa Katanga, kandidati wa 2023...

Butembo Kahawa
Hapana, hapana. Tusianze na Katumbi.

Kenya_Lushi
Kwa nini tusianze? Alipata asilimia 18, na Katanga tunajua tulichopiga.

Matonge 1050
Kila Mkatanga anajua alichopiga jirani yake. Ajabu.

Kenya_Lushi
Na kila mtu wa Brussels anajua Kongo yote kutoka kwenye treni ya chini ya ardhi.

Sheria za Bunia
Turudi kwenye mada. Kuna njia ya kati: katika maeneo yasiyofikika viti vya ubunge vibaki wazi mpaka yafikike, ila kura ya urais...

Binti Kiwanja
Viti vibaki wazi. Bunia, mnaona mnavyosema kwa upole? Niwaeleze kadi yangu ya mpiga kura. Mimi nilijiandikisha Goma mwanzoni mwa 2023, kwa mjomba, kwa sababu kwetu hakukuwa na kituo. Kwetu hiyo kadi ndiyo kitambulisho, hatuna kingine: ukifika kizuizini unaitoa, ukichukua laini ya simu unaitoa, ukipokea pesa unaitoa. Kufika Desemba maandishi yalikuwa yameanza kwenda. Picha kwanza, halafu jina. Leo naonekana paji la uso na sikio moja. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, mama yangu alirudi Kiwanja na kadi kama hiyo. Sasa mniambie, hata mkipitisha uchaguzi, hata mkileta mashine, karani atamtambuaje?

Nyarugusu 96
Dada, pole sana. Hapa tuna karatasi ya mkimbizi, ina picha, lakini si ya Kongo.

Matonge 1050
Hiyo ya kadi kufutika ilikuwa nchi nzima, hata Kinshasa. CENI ilitoa dipulikata, yaani nakala ya kadi.

Binti Kiwanja
Dipulikata ilitolewa ofisi ya CENI. Ya Rutshuru iko wapi, kaka?

Mwana Kasulu
Ndiyo maana nasema msubiri vita viishe.

Butembo Kahawa
Na sisi tulisubiri hadi Machi.

Mzee wa Katindo
Binti, mimi niliposema "pale inapowezekana" nilikuwa nawaza Kinshasa wasipate kisingizio. Naona unaniuliza kitu kingine. Lakini nikisema uchaguzi usifanyike mpaka Kiwanja wapige, kifungu cha 70 alichotusomea Bunia kinampa aliyepo miaka bila hesabu. Unataka nichague lipi kati ya hayo mawili?

Binti Kiwanja
Mzee wangu, sijakuomba uchague. Nimeomba msitangaze asilimia mpaka na sisi tumehesabiwa. Tangazeni tu idadi ya waliopiga, na chini yake idadi ya ambao hamkuwafikia, wilaya kwa wilaya.

Kenya_Lushi
Hiyo hata Kadima, mukubwa wa CENI, anaweza kuifanya. Ni mustari mumoja tu.

Matonge 1050
Atakataa. Na Katumbi alipata 18 kweli, nimeangalia.

Kenya_Lushi
Miye nilisema ngapi?