Je, lazima mwandishi aumie ndipo aandike vizuri?

Ndugu zangu, mshairi chipukizi ninayemsaidia kuhariri mashairi yake ameniambia ameacha dawa za sonona alizoandikiwa na daktari. Anaogopa akipona, mashairi yatakauka. Usiku ule sikulala.

Wenye imani kama yake wana pa kushika. Mwaka 1987, daktari wa akili Nancy Andreasen alichapisha utafiti juu ya waandishi 30 wa warsha ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Asilimia 80 waliwahi kuugua maradhi ya hisia, kama sonona, dhidi ya asilimia 30 ya watu wa kazi nyingine aliowalinganisha nao. Kati ya waandishi mashuhuri, Virginia Woolf alijitoa uhai 1941, Hemingway 1961, Sylvia Plath 1963. Majina haya yametajwa mno hadi ugonjwa umegeuzwa cheo.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili. Kundi lilikuwa dogo, na aliyewahoji alijua nani ni mwandishi na nani siye, hivyo angeweza kuegemea upande bila kukusudia. Zaidi ya hayo, wengi wa waandishi hao hawakuwa wakiandika walipozama kwenye huzuni. Waliandika walipotulia. Anayeifanya kazi hii anaelewa: kufuta ukurasa unaoupenda, kurudia sentensi moja asubuhi nzima, kukumbuka katika sura ya 20 ulichoahidi katika ya pili, yote yanataka akili iliyopumzika. Sonona huanza kwa kunyang'anya hiyo. Hata kuishika kalamu huwa mzigo.

Halafu kipi kilitangulia, ugonjwa au uandishi? Upweke, miswada kukataliwa, kipato cha kubahatisha: hayo yanatosha kumuumiza aliyeanza akiwa mzima.

Sikatai kwamba maumivu ni malighafi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi habari za machungu yao, dakika 15 kwa siku nne. Walioyaandika kwa kina walitoka na huzuni zaidi siku hizo, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, hakuna aliyewadai shairi.

Mimi nimemsihi arudi kwa daktari, bado hajanijibu. Nyinyi mnaosema huzuni ndiyo chemchemi, ni kazi gani mliyoimaliza mkiwa ndani ya giza lenyewe? Nijibuni kwa yenu, si kwa majina ya marehemu.