Naomba ushauri: wapi nijifunze kutunza wanyama wa maabara?

Wakuu habari zenu. Nina stashahada ya afya ya mifugo, na sasa nimepata kazi kwenye chumba cha wanyama wa utafiti: panya weupe, sungura na simbilisi. Ng'ombe na mbuzi nawajua vizuri, ila hawa wadogo chuoni tuliwagusia juu juu tu.

Ninayemsaidia ana uzoefu mrefu, lakini kuna mambo yananitia wasiwasi. Panya anawanyanyua kwa ncha ya mkia, wakati nimesoma kwamba ngozi ya hapo inaweza kuchunika, na kwamba panya hutulia zaidi akiingia mwenyewe kwenye kibomba au akichotwa kwa viganja viwili. Sungura naye asiposhikiliwa makalio na miguu ya nyuma, teke moja analorusha mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo. Mnyama akiwa na hofu, hata majibu ya utafiti yanaharibika, achilia mbali mateso yake.

Naombeni mnisaidie: kwa hapa Tanzania, kuna kozi fupi ya vitendo, au chuo kinachopokea wa kujitolea? Na mkubwa kazini nimwambieje bila kuonekana namvunjia heshima?

Pia simbilisi wetu wanakula pumba peke yake. Najua miili yao haitengenezi vitamini C, kwa hiyo nataka kuwaongezea majani mabichi. Nyie mnawapa yapi, na kiasi gani kwa siku?